Wembe na Tikiti: Kupima Kitakwimu Uhusiano wa Sauti na Umbo

Utangulizi

Wembe ni miongoni mwa vitu vikali kabisa vinavyofahamika nyumbani, lakini jina lake limeundwa kwa sauti laini: kiyeyusho /w/, kisha nazali /m/ iliyoungana na kipasuo ghuna /b/, zote zikitamkiwa midomoni. Tikiti, kwa upande wake, ni tunda la mviringo lisilo na pembe hata moja, nalo likapewa jina lenye vipasuo sighuna vitatu na irabu /i/ mara tatu. Kwa kutegemea maneno haya mawili, mtu angeweza kuhitimisha kwamba sauti hazina uhusiano wowote na umbo la vitu. Mwingine angemjibu kwa bonge, donge na tumbo upande mmoja, na kisu na mkuki upande wa pili. Mabishano ya namna hii hayana mwisho, kwa kuwa kila mbishi ana kamusi nzima ya kuchagulia mifano.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Katika tahakiki nyingi za ushairi wa Kiswahili, za wanafunzi na hata za wasomi waliobobea, hudaiwa kwamba takriri ya /k/ na /t/ huleta hisia ya ukali, ilhali ile ya /m/ na /l/ huleta utulivu. Dai hilo hutolewa kana kwamba lilikwisha kuthibitishwa zamani. Wakati huohuo, mwanafunzi yuleyule akiingia katika somo la isimu hufundishwa kwamba lugha ni mfumo wa sauti za nasibu, fundisho linalohusishwa hasa na Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kifo chake. Madai haya mawili hayawezi kukubaliwa yote kwa ujumla wake bila kugongana. Tanakali za sauti, kama vile chubwi, tifu na pu, kwa kawaida hutajwa kuwa ndizo zinazokiuka unasibu. Lakini hizo huiga sauti kwa sauti, jambo ambalo halishangazi. Kinachohitaji maelezo ni iwapo sauti inaweza kuiga umbo, yaani kitu kinachoonekana lakini hakisikiki.

Makala haya yanaeleza jinsi swali hilo linavyopimwa kitakwimu, yakianzia katika jaribio mashuhuri la saikolojia na kuishia Kuresoi, magharibi ya Kaunti ya Nakuru, ambako wingi wa lugha unalifanya swali kuwa gumu zaidi, na kwa hiyo kuwa na manufaa zaidi.

Kutoka Ujerumani hadi Ziwa Tanganyika

Mwaka 1929 mwanasaikolojia Mjerumani Wolfgang Köhler alichapisha michoro miwili. Mmoja ulikuwa na mistari iliyopindapinda kwa ulaini kama wingu. Mwingine ulikuwa na ncha kali kama nyota iliyovunjika. Msomaji aliulizwa: kati ya maneno mawili yasiyo na maana, takete na baluma, lipi ni jina la mchoro upi? Katika toleo la mwaka 1947 baluma iligeuzwa kuwa maluma. Watu wengi, bila kusita, huupa mchoro wenye ncha jina la takete. Mwaka 2001 Vilayanur Ramachandran na Edward Hubbard walilifufua jaribio hilo kwa maneno bouba na kiki, wakadai kwamba kiasi cha asilimia 95 ya watu huchagua kwa namna moja. Tangu hapo tukio hili limejulikana zaidi kwa majina hayo mapya.

Jambo ambalo halitajwi sana katika madarasa ya Kiswahili ni kwamba mojawapo ya majaribio ya mapema ya kulipima tukio hili nje ya Ulaya lilifanyika miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili. Mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipojipatia uhuru, R. Davis alichapisha katika jarida la saikolojia la Uingereza matokeo ya utafiti wake kuhusu watoto wa rasi ya Mahali, yaani Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika. Watoto hao walizungumza Kiswahili na Kitongwe. Davis aliwapa michoro ya aina ya ile ya Köhler pamoja na maneno takete na uloomu, akawalinganisha na watoto wa Uingereza. Makundi yote mawili yalielekea upande mmoja: takete kwa ncha, uloomu kwa mviringo.

Matokeo hayo yalikuwa na uzito kwa sababu ya mashaka ya wakati ule. Katika miaka hiyohiyo Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits walikuwa wakikusanya data, zikiwemo za Ankole na Toro nchini Uganda, kuhusu mazingaombwe ya macho ambapo mistari miwili yenye urefu sawa huonekana kutofautiana kwa sababu ya vishale vya nchani. Kitabu chao cha mwaka 1966 kilionyesha kwamba nguvu ya mazingaombwe hayo hutofautiana sana kutoka jamii moja hadi nyingine. Kwa hiyo haikuwa halali kudhani kwamba kinachoonekana Ulaya kitaonekana kila mahali, ilibidi kipimwe.

Si kila kipimo kilichofuata kiliafiki. Mwaka 1975 watafiti Rogers na Ross hawakulipata tukio hilo miongoni mwa Wasonge wa Papua New Guinea. Mwaka 2013 Andrew Bremner na wenzake walilipata waziwazi miongoni mwa Wahimba wa kaskazini mwa Namibia, watu wasio na utamaduni wa maandishi. Mwaka 2017 Suzy Styles na Lauren Gawne hawakulipata kwa wazungumzaji wa Kisyuba nchini Nepal, wakatoa maelezo ambayo msomaji anaombwa ayakumbuke: pengine jaribio hushindwa pale ambapo maneno bandia yanayotumiwa hayakubaliki katika mfumo wa sauti wa lugha ya wanaoulizwa. Hatimaye, mwaka 2022, Aleksandra Ćwiek na wenzake walichapisha matokeo ya watu 917 wa lugha 25. Kwa wastani asilimia 72 walichagua kama ilivyotarajiwa. Lugha ya Kibantu iliyokuwemo ni Kizulu peke yake. Kiswahili hakikuwemo.

Kubahatisha na kutobahatisha

Asilimia 72 ni nyingi au ni chache? Swali hili halina jibu mpaka ijulikane ni watu wangapi walioulizwa. Takwimu huanza kwa kudhani kinyume cha kile mtafiti anachotamani: kwamba sauti haina uhusiano wowote na umbo, na kila anayejibu ni kama anayerusha sarafu. Kisha huulizwa: kama ndivyo, matokeo kama haya yangetokea mara ngapi kwa bahati tu?

Njia hii ya kufikiri ilipewa sura maarufu na Ronald Fisher katika kitabu chake cha mwaka 1935, kwa kisa ambacho wakulima wa chai wa Olenguruone wangekisikiliza kwa makini. Bibi mmoja alidai kwamba akionja chai anaweza kutambua iwapo maziwa yalitangulia kutiwa kikombeni au yalifuata. Fisher alieleza kwamba akipewa vikombe 8, vinne vya kila aina, zipo njia 70 za kuvichagua vinne, na moja tu ndiyo sahihi kabisa. Anayebahatisha atafaulu mara 1 katika 70. Akifaulu, ni vigumu kuendelea kumwita mbahatishaji.

Na ifikiriwe, kwa mfano tu, kwamba mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili karibu na Keringet anawaonyesha wanafunzi michoro miwili na kuwatamkia maneno mawili. Akiwauliza wanafunzi 10 na 7 wakajibu kama ilivyotarajiwa, atasema asilimia 70 na kufurahi. Lakini sarafu 10 zikirushwa, vichwa 7 au zaidi hutokea kwa uwezekano wa 176 katika 1,024, yaani takriban asilimia 17. Hilo si jambo la ajabu hata kidogo. Akiwauliza 30 na 21 wakajibu hivyo, asilimia ni ileile 70, ila uwezekano wa kuipata au kuizidi kwa kubahatisha umeshuka hadi takriban asilimia 2.1. Wakiwa 100 na 70 wakajibu hivyo, uwezekano huo uko chini ya 1 katika 10,000. Asilimia haikubadilika katika hatua zote tatu. Kilichobadilika ni uzito wake kama ushahidi.

Kuna mtego katika mpaka unaotumiwa mno na watafiti, ule wa asilimia 5. Wanafunzi 20 kati ya 30 hutoa uwezekano wa asilimia 4.9 ikiwa mtafiti alitarajia mwelekeo mmoja tu. Ikiwa alikuwa tayari kukubali tofauti ya upande wowote, uwezekano huo ni asilimia 9.9. Matokeo ni yaleyale, ila yanafaulu kwa kipimo cha upande mmoja na kuanguka kwa kipimo cha pande mbili. Ndiyo maana uamuzi wa kutumia kipimo kipi huandikwa kabla ya kuingia darasani, si baada ya kuona hesabu. Anayechagua kipimo baadaye hana tofauti na yule mbishi anayechagua maneno kutoka katika kamusi.

Upande wa pili wa jambo hili husahaulika zaidi. Ikiwa tukio lipo kweli kwa kiwango cha asilimia 72, darasa la watu 30 lina nafasi ya takriban 1 katika 3 ya kutofikisha 21. Mwalimu huyo anaweza kutangaza kwamba wazungumzaji wa Kiswahili hawalioni tukio hili, kumbe aliuliza watu wachache mno. Kushindwa kuthibitisha uhusiano si kuthibitisha kwamba haupo.

Lililo kubwa kuliko yote ni suala la majibu huru. Hesabu zote zilizotajwa hapa zinadhani kwamba kila jibu limetoka katika kichwa chake. Darasa linalojibu kwa kuinua mikono halina majibu 30, kwa kuwa mwanafunzi hodari akiinua wake, walio nyuma hufuata. Vivyo hivyo, kumwonyesha kila mwanafunzi jozi 10 za michoro hakuzai majibu 300 yaliyo huru. Tena, maneno nayo ni sampuli. Herbert Clark alionya mwaka 1973 kwamba watafiti wa lugha huchunguza maneno machache kisha hudai wamegundua jambo kuhusu lugha nzima. Anayetumia jozi moja tu, takete na maluma, amejifunza habari za jozi hiyo. Kwa hiyo zinahitajika jozi nyingi, na hesabu inayozingatia kwamba watu hutofautiana na maneno pia hutofautiana.

Kwa nini Kuresoi

Kuresoi, ambayo tangu uchaguzi wa mwaka 2013 ina maeneobunge mawili, Kaskazini na Kusini, iko kandokando ya msitu wa Mau. Wakulima wa viazi, pareto na chai wa huko huzungumza Kikipsigis, Gikuyu, Ekegusii na Kiogiek, pamoja na lugha nyingine, na hukutana katika Kiswahili. Lugha za Kibantu na za Kiniloti hukaa katika dawati moja. Kwa mtafiti hii ni fursa: tukio likijitokeza kwa wote, haliwezi kuelezwa kwa urahisi kuwa ni urithi wa Kibantu.

Hata hivyo, maneno ya Köhler yakifika huko huanza kuharibika. Gikuyu na Ekegusii hazina kitambaza /l/ katika msamiati wake wa asili. Hivyo maluma huelekea kuwa maruma katika vinywa vya baadhi ya wanafunzi, na /r/ si mbadala usio na athari: Bodo Winter na wenzake walionyesha mwaka 2022 kwamba kimadende huhusishwa na ukwaruzo katika lugha nyingi. Neno lililokusudiwa kuwa laini linaweza kuwa limekwisha kutiwa miiba kabla mchoro haujaonyeshwa. Katika Kikipsigis hakuna upambanuzi wa /p/ na /b/. Vipasuo kama /p/ na /k/ hupata ughuna vinapokaa kati ya irabu. Kwa hiyo tofauti ya ughuna, ambayo jaribio linaitegemea, husikika kwa namna nyingine. Katika Gikuyu, sheria ya Dahl hugeuza /k/ inapofuatwa na silabi yenye konsonanti sighuna, kama jina lenyewe la Gikuyu linavyoonyesha. Kiki si umbo la kawaida, na gĩkĩ tayari ni kionyeshi cha ngeli.

Kiswahili chenyewe kina pingamizi zake. Bouba ikitamkwa Kiswahili huwa buba, nayo buba ni ugonjwa wa ngozi. Kiki ni neno la mitaani la kutafuta umaarufu, na tena huanza kwa ki-, kiambishi ambacho mzungumzaji amekizoea katika udogo: kitoto, kijiji. Akilichagulia umbo dogo lenye ncha, je, ni sauti iliyomwongoza au ni ngeli? Kuunda maneno mapya nako si kazi nyepesi. Tekiti inakumbusha tiketi. Titeti haitapita darasani bila kicheko. Jozi kama wonumo na tichete inaweza kujaribiwa, lakini hata hiyo yafaa ipitishwe kwanza kwa wazungumzaji wa kila lugha, waulizwe kama inafanana na neno lolote walijualo. Hili ndilo onyo la Styles na Gawne katika sura ya Kuresoi: matokeo hafifu yanaweza kuwa kosa la maneno, si la masikio.

Herufi nazo ni kizuizi. Mwanafunzi wa sekondari ameona K yenye pembe na O ya mviringo kwa miaka mingi, na huenda analinganisha mchoro na maandishi. Maneno yatamkwe tu, yasiandikwe. Na yasikike kutoka katika simu iliyorekodiwa, kwa sababu mtafiti akitamka wonumo mbele ya darasa midomo yake huviringika na kutoa jibu. Njia bora zaidi ni kuwauliza watoto wa chekechea ambao bado hawajui kusoma. Daphne Maurer na wenzake walilipata tukio hili mwaka 2006 kwa watoto wa umri wa miaka miwili na nusu.

Limebaki jambo moja ambalo vitabu vya takwimu haviligusi. Ili kulinganisha lugha, mtafiti anahitaji kujua lugha ya kwanza ya kila mshiriki. Katika sehemu nyingi fomu yenye swali hilo ni karatasi ya kawaida. Kuresoi iliona mapigano ya kikabila mwaka 1992, na tena kabla na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo familia zilifukuzwa makwao. Orodha ya majina ya watoto yenye safu ya kabila si data tu machoni pa mzazi aliyewahi kuhama usiku. Swali laweza kuulizwa kwa namna nyingine: ni lugha zipi zinazozungumzwa nyumbani, huku majibu yakiwa zaidi ya moja, jina la mtoto lisiandikwe, na matokeo yasitolewe kama mashindano ya jamii dhidi ya jamii. Hilo lina faida ya kisayansi pia, maana watoto wengi wa huko wana lugha mbili au tatu tangu utotoni, na kuwalazimisha waingie katika safu moja ni kuandika uongo kabla ya hesabu kuanza.

Mhakiki anaruhusiwa kusema nini?

Hata matokeo mazuri hayatampa mhakiki wa ushairi ruhusa kamili. Jaribio hili huhusu maneno yasiyo na maana na chaguo la picha mbili tu. Katika shairi, maneno yana maana, na mara nyingi ukali unaohusishwa na /k/ umekwisha kuletwa na kata, kisu au kilio. Mhakiki anaweza kusema kwamba sauti inaafiki maana. Kusema kwamba sauti ndiyo iliyoizaa kunahitaji ushahidi mwingine, kwa mfano kuwasomea wasikilizaji wasiojua Kiswahili kabisa beti za aina mbili na kuhesabu majibu yao.

Ipo pia njia ya kuuliza kamusi badala ya watu. Mwaka 2016 Damián Blasi na wenzake walichunguza orodha za msamiati wa kimsingi za takriban theluthi mbili ya lugha za dunia. Walikuta kwamba neno la ulimi huelekea kuwa na /l/ na lile la pua kuwa na /n/, kupita inavyotarajiwa kwa bahati. Kiswahili kinatii katika ulimi na kukaidi katika pua, jambo ambalo halivunji matokeo, kwa kuwa mwelekeo wa lugha nyingi si amri kwa kila neno.

Kazi ya namna hiyo kwa Kiswahili haihitaji maabara. Mtu mmoja apitie Kamusi ya Kiswahili Sanifu na kuorodhesha majina yote ya vitu vya mviringo na yote ya vitu vyenye ncha, akiongozwa na fasili tu. Mtu wa pili, asiyejua neno lipi limetoka katika orodha ipi, ahesabu vipasuo sighuna na nazali katika kila neno, akiviacha viambishi vya ngeli. Kisha maneno yote yachanganywe na kugawanywa upya kwa bahati nasibu mara elfu kadhaa kwa kompyuta, ili ionekane ni mara ngapi tofauti kubwa kama ile ya kweli hujitokeza yenyewe. Wembe utakuwa katika orodha moja na tikiti katika nyingine, kila neno likihesabiwa mara moja tu.